Njia ya zimamoto haiibiwi kwa siku moja

Juu ya keria ya gari yangu kuna mwanzi wa mita 4 na sentimita 10, kichwani nimeufunga kitambaa chekundu, na askari wa mageti mengi hapa Kampala wananijua kwa huo mwanzi kuliko kwa jina. "Injinia wa mwanzi amefika." Sawa tu. Kazi yangu ni kukagua njia za magari ya zimamoto kwenye majengo, na huo mwanzi nausimamisha wima natembea nao toka getini mpaka nyuma ya jengo, ukigonga chochote, tawi la fenesi, waya, bango, paa la geti, basi hapo gari la zimamoto limekwama. Mambo ya kompyuta baadaye.

Hivyo vipimo sijavitoa kichwani. Kanuni ya Marekani ambayo wasanifu wengi wanaiiga inataka njia ya mita 6.1 upana, wazi kabisa, na juu mita 4.1. Waingereza wanaridhika na mita 3.7 upana, juu 3.7, geti 3.1. Landilodi akisikia hayo anamchagua Mwingereza papo hapo, maana ploti ni pesa bana. Mimi huwa nambishia. Gari lenyewe lina upana kama mita 2.5, kwa hivyo kwenye 3.7 litapita, lakini kupita ni kitu kimoja na kufanya kazi ni kingine. Vifaa viko ubavuni, milango yake inafunguliwa kushoto na kulia, watu wanashusha mipira na ngazi wanakimbia huku na huku, sasa wakishasimama hapo hakuna gari lingine linapita.

Na kwa mji wetu gari la pili ndiyo habari yenyewe. Piga hesabu: tenki la lita 5,000, mipira miwili, kila mmoja unamwaga lita 500 kwa dakika. Dakika 5, maji yameisha! Kama hakuna haidranti, yaani bomba la maji ya zimamoto, karibu yenye presha, hilo gari lazima litoke likachote na lingine liingie mahali pake. Kwa hivyo njia ya kuingia tu bila ya kutokea ni mtego. Waingereza wanasema dereva asirudi nyuma zaidi ya mita 20, Wamarekani wanaanza kudai mahali pa kugeuzia njia ikipita mita 45 hivi, na mduara wa kugeuza gari la kawaida, kwa hesabu ya Waingereza, ni kama mita 16.8 toka ukingo mpaka ukingo. Kwenye ploti ya Kampala hiyo mita 16.8 haipatikani, basi unachora kona ya umbo la T, au bora zaidi unafungua geti la pili upande wa nyuma njia izunguke jengo. Geti la pili lenyewe nikirudi baada ya mwaka nalikuta na kufuli lenye kutu, ufunguo "yuko nao bosi", na bosi yuko Mbarara.

Mlima sitausemea sana, sote tunaijua hii miji yetu ya vilima, mwinuko wa njia ukizidi asilimia 10 umeanza kutafuta matatizo. Chini ya ardhi ndiko watu hawaangalii. Gari la kawaida la zimamoto Waingereza wanalihesabia tani 12.5, la ngazi ndefu tani 17 na zaidi, na likisimama kunyoosha ngazi uzito wote unabebwa na miguu minne ya chuma yenye nyayo kama sinia. Halafu fundi ameweka septiki tenki katikati ya njia, akafunika na slabu nyembamba akapanga peva, yale matofali ya kutandika chini, juu, pazuri kweli. Kuna jengo moja, silitaji, nilimwambia mzee mwenye nyumba tukodi tipa la mchanga lililojaa lipite polepole tuone. Akasema, "Mwanangu, unataka kunivunjia compound yangu?" Nikamwambia mzee, afadhali livunjike leo Jumapili na mchana. Tukapitisha. Mita kama 12 toka getini tukasikia kitu kimelia chini, kaa! kama mfupa wa kuku, peva zikabonyea, tairi la nyuma likashuka kiganja kizima. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza slabu mpya ni bei gani.

Lakini ukweli, majengo mengi nayokagua yalichorwa vizuri. Njia ipo kwenye ramani, kamati ya ujenzi ilipitisha, kila kitu safi. Inaibiwa baadaye, tena kidogo kidogo, hakuna anayeamka asubuhi akasema leo naziba njia ya zimamoto. Jenereta inawekwa pembeni, inakula mita moja. Boda tatu zinajikinga jua hapo, wiki ijayo ni steji. Peva zinatandikwa upya juu ya zile za zamani, paa la geti halijasogea lakini wewe umepoteza sentimita 15 za juu bila kujua. Kikuubo kwa Kiganda ni kichochoro, na ukitaka kuona kichochoro kinavyojaa bidhaa mpaka mtu anatembea kiubavu, nenda pale Kikuubo penyewe, mtaa wa biashara katikati ya Kampala, mwezi wa 12.

Nilichojifunza ni kwamba njia isiyo na kazi ndiyo inayoliwa. Rangi ya manjano na kibao havitoshi, navyo viwekwe, lakini mimi siku hizi nikishauri mapema naomba njia ya zimamoto iwe ndiyo hiyohiyo ya lori la takataka na ya lori la kunyonya choo. Yale ni mazito na marefu, yanakuja kila mara, yakishindwa kupita takataka zinanuka na wapangaji wanapiga kelele siku hiyohiyo. Hakuna mkaguzi anayeweza kushindana na harufu. Na ufunguo wa geti la nyuma ukae kwa askari wa zamu, siyo kwa bosi.

Kwa yule mzee wa slabu kulikuwa na kesi nyingine, meza ya rolex, chapati ya kuviringisha na mayai, kwenye kona kabisa, pale pa kugeuzia. Nikasema iondoke, wapangaji wote wakanigeuka, askari ndiye wa kwanza maana anakula pale kila asubuhi. Tukabishana wee, tukaafikiana. Mwezi uliopita nimepita na mwanzi wangu, meza iko palepale, ila sasa ina magurudumu manne ya toroli, na jiko limefungwa kwa mnyororo kwenye meza. Nikamwambia mwenyewe, haya kaka, sukuma nikuone. Akasukuma huku chapati iko motoni, nikahesabu mpaka 20, njia ikawa wazi. Akanidai elfu mbili za mayai yaliyomwagika, nikalipa.