Ndizi, mkojo wa saa 24 na sampuli tunazozikataa

Malalamiko yamezidi dirishani kwetu maabara: "Dumu limejaa, na bado mnanirudisha nyumbani!" Ndiyo, tunakurudisha. Na hapa Moshi, mara nyingi mchawi ni ndizi.

Daktari akiagiza kipimo cha 5-HIAA, anatafuta uvimbe wa seli zinazotengeneza homoni, hasa wa utumbo mwembamba. Uvimbe huo humwaga homoni ya serotonini, mwili huivunja, na mabaki yake, ndiyo hiyo 5-HIAA, hutoka na mkojo. Ini huimaliza serotonini ya utumbo kabla haijasambaa. Ndiyo maana wengi huanza kuwaka uso na kuharisha uvimbe ukiwa umeshafika kwenye ini lenyewe. Sasa ndizi nayo ina serotonini, na mabaki yake kwenye mkojo ni yale yale.

Kwa hiyo siku 3 kabla, na siku yenyewe ya kukusanya, usile ndizi, mbivu wala za kupika. Mtori ni ndizi. Machalari ni ndizi. Mbege nayo, mzee wangu, imetoka kwenye ndizi. Acha pia parachichi, nanasi, nyanya na biringanya. Hatujasema ndizi huleta uvimbe. Hayo ni maneno ya sokoni.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage chooni, uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, mchana na usiku, pamoja na mkojo wa asubuhi inayofuata, saa ile ile. Dumu tulilokupa lina tindikali: usilisuuze, usilikojolee moja kwa moja, tumia kikombe safi, umimine taratibu. Liweke penye ubaridi, mbali na mwanga. Ukisahau hata mara moja, tuambie, tutakupa jingine. Kujazia maji hakusaidii: tunapima pia kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo kwa kiasi karibu kile kile kila siku; ikipungua tunajua mkojo haukutimia, sampuli inakataliwa, unaanza upya.

Kipimo cha damu cha kromogranini A, protini inayotolewa na seli hizo hizo za homoni, kina mtego wake. Omeprazoli hupunguza asidi tumboni, mwili hujibu kwa kuongeza homoni ya gastrini, na kromogranini A hupanda bila uvimbe wowote. Kwa kawaida dawa hiyo husimamishwa wiki 2 kabla, ila anayeamua ni daktari wako. Mwenye vidonda vya tumbo asijiamulie. Tukiuliza "unatumia dawa?" tunajibiwa "hapana", kumbe mfukoni zimo, "za gesi tu". Hizo za gesi tu, ziandike kwenye fomu.