Kivutio halali cha mwanafunzi mpya

Kivutio ni chochote anachopewa au kuahidiwa mtu ili achague shule au chuo fulani: basari, punguzo la ada, kompyuta, hata fulana ya siku ya maonyesho. Ni halali kikitangazwa wazi kwa kila anayestahili, kikiandikwa kwenye barua ya udahili, na kisipogusa sifa za kuingia.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Uganda, anayetoka kidato cha sita moja kwa moja kwenda shahada anatakiwa awe na angalau prinsipo mbili (ufaulu kamili katika masomo makuu mawili) za UACE, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita. Chuo kinachomwambia mwenye moja "lete ada tu, mengine tutapanga" kinamuuzia cheti chenye mgogoro.

Takrima ndogo hazina neno: chakula cha mchana, nauli ya kuja kuona kampasi, kusamehewa fedha ya fomu. Kamisheni ya siri kwa mwalimu kwa kila kichwa anacholeta ni hongo. Mshauri wa mtoto keshageuka dalali.

Basari ndiyo huchanganya wazazi. Tuseme ada ya masomo kwa muhula ni shilingi 1,200,000, na michango mingine (usajili, mitihani, maktaba, chama cha wanafunzi) ni 650,000. "Nusu basari" mara nyingi hukata ada ya masomo peke yake. Mzazi anabaki na 600,000 pamoja na ile 650,000, yaani 1,250,000 kati ya 1,850,000: zaidi kidogo ya theluthi mbili. Shule za bweni nazo zina yao. Mtoto wa agrigeti 4 (jumla ya alama iliyo bora kabisa) kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, anaitwa asome bure, kisha inakuja orodha ya mahitaji: rimu za karatasi, mafagio, karatasi za chooni, na sare inayouzwa hapo hapo shuleni.

Uliza pia basari inadumu kwa sharti gani. Ikidai wastani wa alama (GPA) wa 3.6 kwa 5.0 kila muhula, somo moja likianguka mwaka wa kwanza laweza kumfutia basari akaanza kulipa ada nzima.

Kompyuta ya bure isomewe mkataba wake: ni mali ya mwanafunzi tangu siku ya kwanza, au ya chuo mpaka amalize? Ikiwa ni ya chuo, akiacha masomo muhula wa pili anaweza kudaiwa bei yake yote.