Julai hii usisubiri jua litoke

"Kaka, meza ya mtama nimeshaweka uani, ndege wanakuja, nasubiri tu jua litoke nipige picha." Kila kipupwe naulizwa hilo hilo. Moshi, mwezi wa saba, mlima umejifunika toka juzi, na wewe unasubiri jua! Kwera, wale ndege wasuka viota, watamaliza gunia.

Tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Hata Julai jua la mchana hapa hupanda nyuzi 65 hivi, kwa hiyo mgongo wa ndege unaungua (unakuwa mweupe mtupu pichani), tumbo linakuwa giza na jicho linapotea kwenye kivuli. Siku ya jua una muda mzuri wa saa mbili asubuhi, kuanzia saa 12:40, na nyingine jioni. Siku ya wingu unapiga toka saa mbili mpaka saa kumi, na kila unyoya unaonekana.

"Lakini za wingu zinatoka mbaya." Zinatoka mbaya kwa sababu kamera iko kwenye otomatiki, inachagua spidi ya 1/125 wakati kwera anamenya punje na kichwa hakitulii. Weka S au Tv, ambapo spidi ya shata unaichagua wewe, weka 1/1000, na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ijiendeshe yenyewe mpaka kikomo cha 3200. Kwa f/5.6 (ukubwa wa tundu la lenzi), wingu jepesi litakupa ISO 800 hivi, wingu zito 1600. Chenga kwenye picha zitakuwepo, na programu itazipunguza. Ndege aliyetikisika hana dawa. Na hicho kizuia mtikisiko cha lenzi kinatuliza mkono wako, ndege hakimhusu.

Sasa lile linaloniudhi zaidi: ndege mweusi kama mkaa mbele ya anga jeupe, halafu lawama anapewa wingu. Kipimamwanga cha kamera hakijui ndege. Kinachukua eneo linalopimwa na kulivuta liwe kijivu cha kati. Ukijaza fremu anga la Julai, kitalipunguza lile jeupe, na ndege wako aitwaye shore, ambaye hata hivyo ni wa kahawia iliyokoza, atazama gizani. Kuna kitufe chenye alama ya +/-. Hiyo ndiyo fidia ya mwanga. Anga likiwa nyuma, ongeza +1 mpaka +2.

Kwa nini nisitoe namba moja? Kwa sababu haipo. Kwa shore naanza na +1.3 kisha natazama. Kuna siku +2 haitoshi. Kwa kwera dume wa njano hiyo hiyo +1.3 inaweza kuunguza kifua chote kikawa bapa kama rangi ya ukutani. Histogramu ya mwangaza, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, itakudanganya kwamba mambo ni salama, maana njano mara nyingi huungua kwanza kwenye rangi nyekundu. Fungua histogramu ya rangi tatu. Piga RAW pia (faili ghafi la kamera), ingawa kilichoungua kabisa hata RAW hairudishi.

Njia rahisi ni kuliondoa anga. Shusha tawi la kutulia lilingane na lenzi, nyuma pawe na migomba umbali wa mita 5 au zaidi. Kijani cha mgomba kiko karibu na kijivu cha kati, kwa hiyo fidia inarudi sifuri au jirani yake. Manyunyu yakilowesha majani yatang'aa na kuacha madoa meupe. Hapo sogeza kamera kiganja kimoja kushoto au kulia.

Nikiri jambo moja, wabishi wasije wakaniumbua: kwa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, jua linashinda. Ile kijani ya kumetameta inatokana na umbo la unyoya linavyorudisha mwanga. Akigeuza kichwa kidogo tu inazimika kuwa nyeusi, na chini ya wingu huzimika mara nyingi zaidi. Huyo, haya, msubiri jua.

Mengine haraka. Piga ukiwa ndani, lenzi ikipita katikati ya khanga mbili zilizoning'inizwa dirishani. Wavu wa mbu ufunguliwe, tafadhali. Ukipiga kupitia wavu picha inafubaa. Huhitaji lenzi ya bei ya pikipiki: milimita 250 kwenye kamera ya sensa ndogo (APS-C), ukiwa mita 3.5, fremu ina upana wa sentimita 31 hivi, na kwera anajaza karibu nusu yake. Kwa f/5.6 kilicho kwenye fokasi ni kina cha sentimita 4 tu, kwa hiyo lenga jicho na upige akiwa ubavu. Tawi lifungwe sentimita 40 kutoka mezani, na liwe moja tu. Ukiweka matano atatua lile ambalo hukulilenga.

Ndege waitwao kuzumburu mtama hawana habari nao, wawekee papai. Mtama uliolowa umwage siku hiyo hiyo, usingoje uote ukungu ukawalisha sumukuvu. Kikombe kimoja asubuhi kinatosha, na meza isuguliwe kwa maji ya moto kila wiki.