Vincent Black Shadow: rangi nyeusi si ushahidi

Vincent Black Shadow, pikipiki iliyoundwa Stevenage, Uingereza, kuanzia 1948 hadi 1955, ikitangazwa kuuzwa, wengi hukimbilia kutazama rangi. Injini ni nyeusi? Basi ni Shadow. Dhana hiyo inawagharimu watu fedha nyingi.

Weusi ule ni rangi tu, na fundi mwenye subira anaweza kuupaka kwenye Rapide, ndugu yake wa kawaida. Zote zina injini ya cc 998 yenye silinda mbili za umbo la V, ila Rapide ilitoa nguvu farasi 45 na Shadow 55. Tazama namba iliyogongwa kwenye injini: ya Rapide huanza F10AB/1, ya Shadow F10AB/1B. Tafuta herufi B hiyo ya mwisho kabla hujasifu chochote.

“Namba ya injini na ya fremu lazima zifanane.” Kauli hii imewakimbiza wanunuzi kutoka kwenye pikipiki safi kabisa! Kwa Vincent za silinda mbili za toleo la B na la C, namba ya fremu huizidi ya injini kwa 1,900. Injini ikiishia 3000, fremu isomeke 4900. Zikilingana, hapo ndipo uulize maswali. Fremu nayo ina vipande viwili, cha juu na cha nyuma, kila kimoja na namba yake, na hizo ndizo zinazopaswa kufanana. Kwa matoleo hayo, kipande cha juu ndicho pia tangi la oili, na injini hufungwa chini yake. Kwa hiyo usishtuke kukosa bomba la fremu mbele ya injini, halikuwahi kuwepo.

Kuhusu mwendo, husemwa kwamba Mmarekani Rollie Free alifikisha maili 150.313 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, Marekani, tarehe 13 Septemba 1948, amelala kifudifudi na chupi ya kuogelea, juu ya Shadow ya kawaida. Sivyo: ile ilikuwa mashine iliyoandaliwa kwa mbio, mtangulizi wa Black Lightning, Vincent ya mbio. Shadow ya barabarani hufika kama maili 125. Na Lightning iliyouzwa mnadani Las Vegas, Januari 2018, kwa dola 929,000 haikupi bei ya Shadow.

Vipuri? Vipya vinapatikana, wanachama wa Vincent Owners Club, chama cha wamiliki wa Vincent, walianzisha kampuni yao ya kuvitengenezesha. Kilicho adimu ni rangi ya kiwandani yenyewe, hata ikiwa imechakaa. Muuzaji akijivunia kuipaka upya pikipiki nzima, mwombe picha za kabla hajaigusa.