Viungo, ngozi na mifupa: yanayosemwa Kusini na yaliyothibitishwa

Ukishikwa na homa, viungo vikakaza, na kipimo cha malaria kikatoka hasi, huku kwetu Mtwara na Lindi majibu hufika kabla ya daktari. Mmoja atasema ni baridi imeingia kwenye mifupa. Mwingine atasema umekanyaga kitu. Wa tatu atakutajia mzee fulani wa Tandahimba anayechanja chale, na nauli atakusaidia kutafuta. Wanasema kwa nia njema, na hiyo ndiyo shida yenyewe: nia njema inakula wiki tatu, na kuna magonjwa ambayo wiki tatu ni nyingi.

Nimekusanya hapa yale ninayoyasikia mara kwa mara kwenye mabenchi ya zahanati na vijiweni, nikayaweka mbele ya yale ambayo utafiti umeyaonyesha. Sehemu ya utafiti huo ulifanyika huku huku kwetu.

"Chikungunya ni ugonjwa wa kigeni, umeletwa juzi juzi"

Huu ndio uzushi unaonichekesha kuliko yote, maana dunia nzima inauita ugonjwa huo kwa jina la Kimakonde. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu iliwakumba watu wa Newala na vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde. Kwanza ilidhaniwa ni dengi. Daktari Marion Robinson akaandika dalili zake, W.H.R. Lumsden akafuatilia namna ilivyosambaa, na R.W. Ross akakitenga kirusi chenyewe kutoka kwenye damu ya wagonjwa na kwa mbu waliokamatwa majumbani. Ripoti zao zilichapishwa mwaka 1955 na 1956. Ukisoma historia ya kirusi hiki, Newala utaikuta.

Lakini tusivuke upande wa pili tukaanza kujitukana kwamba sisi ndio tumeuzaa. Kutambuliwa mahali si kuzaliwa hapo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika juu ya homa ya viungo iliyopiga kisiwa hicho mwaka 1823 na tena 1870. Mwaka 1971 mtafiti aitwaye Carey alipitia maandishi ya zamani ya namna hiyo akaona maumivu yaliyodumu kwenye viungo yanafanana zaidi na chikungunya kuliko dengi. Kirusi hiki kilikuwa kikitembea zamani sana kabla ya mtu yeyote kukipa jina.

Kwa nini Newala? Maji. Anayeujua uwanda ule anajua maji yalivyokuwa ya kutafuta, na ndiyo maana kila nyumba iliyahifadhi ndani au kando ya ukuta. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayekieneza kirusi hiki, anapenda hasa maji ya namna hiyo, yaliyotulia, masafi, karibu na watu. Wa malaria hutaga kwenye madimbwi na mabwawa. Huyu anataga kwenye pipa lako, kwenye tairi bovu, kwenye kifuu cha nazi kilichosahauliwa nyuma ya jiko.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Mbu huyu habandiki mayai yake juu ya maji. Anayabandika kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Yakikauka hayafi. Yanaweza kukaa miezi, kisha ukijaza pipa yanaanguliwa. Ukimwaga maji tu ukalijaza tena, umeyahamisha mayai kutoka kiangazi kwenda masika. Lisugue pipa kwa brashi na sabuni kwa ndani, hasa pale kwenye mstari wa utando, kisha ulifunike.

Mtu mwingine atakuuliza: mbona nalala kwenye chandarua na bado nimeugua? Kwa sababu Aedes anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Chandarua endelea nacho, malaria haijaondoka, lakini usikitegemee kwa hili.

Kuna na ile ya "homa ikiisha umepona". Homa kweli huisha ndani ya wiki moja kwa wengi. Viungo vina kalenda yake. Katika kisiwa cha Réunion, mlipuko wa 2005 na 2006 ulimpata karibu mtu mmoja kati ya watatu, na watafiti walipowafuatilia wagonjwa wakawakuta baadhi yao bado wanalalamika vifundo na vidole baada ya mwaka na zaidi. Kwa hiyo mama aliyeshindwa kukamua nguo miezi minne baada ya homa hajarogwa na wifi yake. Kirusi ndivyo kilivyo.

Dawa ya kukiua kirusi hicho haipo bado. Kinachotumika ni parasetamo, maji ya kutosha na kupumzika, kisha mazoezi mepesi viungo vikianza kulegea. Aspirini na diklofenaki ziache mpaka daktari aseme si dengi, kwa kuwa dengi inaweza kuleta kutokwa damu na dawa hizo zinaongeza hatari. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na Agosti 2025 mamlaka ya huko huko ikasimamisha leseni yake kwa sababu ya madhara makubwa yaliyoripotiwa. Ndivyo utafiti unavyokwenda, mbele na nyuma, na mtu asikuuzie chanjo ya chikungunya mtaani.

"Baridi ndiyo inayoharibu viungo"

Ingekuwa kweli, Mtwara mjini mwezi wa Januari pasingekuwa na mtu mwenye goti bovu. Baridi inaweza kufanya kiungo kinachouma kiume zaidi; haikiharibu. Goti la mzee aliyelima miaka yote mara nyingi limechoka gegedu, ile nyama ngumu inayokaa kati ya mifupa miwili. Vidole vinavyovimba pande zote mbili na kukaza asubuhi kwa saa nzima vinaweza kuwa ni kinga ya mwili inayojishambulia yenyewe. Kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku ghafla, mara nyingi ni jongo, asidi ya yuriki imejaa kwenye damu. Magonjwa matatu, matibabu matatu, na kila moja linaitwa baridi.

Na ile ya kwamba kupiga vidole mpaka vitoe mlio kunaleta ugonjwa wa viungo, nayo imeshajibiwa. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alipiga vidole vya mkono wa kushoto tu kwa zaidi ya miaka 60, wa kulia akauacha. Hakupata ugonjwa wa viungo mkono wowote, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha. Mtu mmoja si ushahidi mzito, lakini nakupa ukampe bibi yako.

Ninachotaka kukaa nacho ni ile chupa. Unaijua: ya plastiki, haina karatasi au ina karatasi iliyochapwa kwenye printa ya stationeri, inauzwa mnadani kama "dawa ya asili ya viungo, mgongo na nguvu". Mama anakunywa leo, kesho kutwa anainuka bila fimbo, mtaa mzima unashangaa. Ni kweli ameinuka. Swali ni nini kimemwinua.

Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench alimchoma sindano mwanamke wa miaka 29 ambaye viungo vilikuwa vimemfunga kabisa. Baada ya siku chache alitembea. Ile dawa ni kotisoni, na mwaka 1950 Hench na wenzake Kendall na Reichstein wakapata tuzo ya Nobeli. Baadaye ndipo ikaonekana bei yake: ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu, uso unavimba kuwa mviringo, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, sukari inapanda, kinga inashuka na kifua kikuu kinaweza kuamka, na mifupa inapungua nguvu mpaka inavunjika kwa kujikwaa tu. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimeshakamata dawa za "asili" za viungo zilizochanganywa kwa siri na steroidi za jamaa hii au na diklofenaki. Sisemi kila mganga anachanganya. Nasema dawa ya mitishamba inayofanya muujiza ndani ya siku mbili iulizwe maswali. Na kama mtu ameshaitumia miezi, asiiache ghafla. Aende nayo hospitali, chupa mkononi, kwa sababu mwili uliozoea steroidi ukikatiwa mara moja unaweza kuanguka.

Krimu ni hivyo hivyo. Choa kikipakwa krimu ya steroidi kinaacha kuwasha, wekundu unapotea, na fangasi wanatambaa kwa raha zao kwenye ngozi iliyotulia. Mwezi ukiisha kimesambaa, na sasa hata mhudumu wa afya anapata kazi kukitambua.

"Ukoma umeisha", "ukoma ni wa ukoo", "ukoma unakata vidole"

Haya matatu huja pamoja, na yote si kweli.

Tanzania ilifikia kiwango cha kitaifa cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 mwaka 2006. Hicho ni kiwango cha takwimu. Bakteria hakusoma taarifa hiyo. Mikoa ya Lindi na Mtwara bado inapata wagonjwa wapya, na ndiyo maana kati ya 2015 na 2018, Liwale na Nanyumbu zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoingia katika mradi wa kimataifa wa kuwapa dozi moja ya dawa ya rifampisini, kama kinga, watu wanaoishi na mgonjwa. Wazo hilo lilijaribiwa Bangladesh kwa zaidi ya watu 20,000, na ndani ya miaka miwili wagonjwa wapya walipungua kwa asilimia 57 kati ya waliomeza dawa.

Wa ukoo? Bakteria wa ukoma alionwa na Gerhard Hansen wa Norwei mwaka 1873, na tangu hapo hoja ya kurithi imekosa miguu. Inaonekana kama ya ukoo kwa sababu tunalala chumba kimoja, na ugonjwa unaweza kukaa miaka mitano, hata 20, kabla ya kujitokeza. Halafu watu wengi sana mwili wao unamshinda bakteria huyu wenyewe.

Vidole navyo havikatwi na ukoma. Bakteria anashambulia mishipa ya fahamu, hisia zinapotea. Mtu anashika sufuria la moto hasikii. Anatembea na mwiba siku tatu hajui. Kidonda kinaoza, mfupa unaingiwa, kidogo kidogo unafupika. Misuli midogo ya kiganja inalegea na vidole vinajikunja. Kinachotakiwa ni kuuwahi ugonjwa kabla ya hatua hiyo. Baka lenye rangi hafifu au nyekundu, lisilowasha wala kuuma, liguse kwa ncha ya pamba huku mwenyewe amefumba macho. Kama hasikii, zahanati leo. Matibabu ni miezi 6 au 12, bure. Rifampisini itafanya mkojo uwe mwekundu, na klofazimini inaweza kuifanya ngozi iwe nyeusi kwa muda. Mgonjwa aambiwe mapema, maana wapo wanaotupa dawa wakidhani wanakojoa damu.

"Mikono ya mbanguaji ina ugonjwa wa kuambukiza"

Nimemwona dada mmoja akibangua korosho barazani: ganda limeshachomwa, anapiga kwa jiwe, linapasuka, na mafuta meusi yanamrukia kwenye ncha za vidole. Ngozi hapo imebabuka, nyingine nyeusi tii, nyingine mpya ya pinki. Mteja alipokea kokwa kwa kushika mfuko pembeni, asimguse.

Hakuna cha kuambukizwa hapo. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye asidi ya anakadi na kadoli. Yanaunguza, na kwa wengine yanaleta mzio. Mkorosho ni wa jamii moja na mwembe, kwa hiyo mwenye mzio huo anaweza kuvimba midomo kwa utomvu wa embe. Glovu nzito zinasaidia. Kupaka mafuta ya kula mikononi kabla ya kazi kunapunguza. Salfa inayopuliziwa mikorosho nayo inachoma macho na ngozi ya shingo, na anayepuliza kifua wazi akisema amezoea, amezoea kuungua.

"Watafiti wanauza damu"

Damu ya kipimo, kijiko kimoja au viwili, haina soko. Utafiti wa afya nchini unahitaji kibali cha maadili, na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Fomu ya ridhaa inatakiwa iwe kwa lugha unayoielewa, una haki ya kukataa, na una haki ya kujitoa katikati bila kunyimwa matibabu.

Lakini lawama moja ya wanakijiji naiunga mkono: watu wanakuja, wanachukua, hawarudi kusema walichokiona. Zile ripoti za Newala za 1955 ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa London. Kwa hiyo kabla ya kuweka dole gumba, uliza majibu yatasomwa lini kwenye mkutano wa kijiji, na nani atayasoma, kisha omba nakala ya fomu yenye namba ya simu.