Sauti imo ndani ya piano

Juzi kijana mmoja aliniletea rekodi ya onyesho lake. Anaimba nyimbo zake mwenyewe huku akipiga piano. "Ami, nipandishie sauti yangu kidogo tu, piano iache ilivyo." Nikamwambia haiwezekani. Akanitazama kama mtu mvivu.

Miaka mingi sasa nategesha maiki hapa Unguja, na nyingi ya kazi hizo ni taarab. Kwenye taarab mwimbaji yuko mbele, ganuni na fidla nyuma yake. Wakikaribiana mno unawaomba wasogee, yamekwisha. Anayeimba akijipigia piano hasogei popote. Mdomo wake uko hatua moja tu kutoka kwenye nyuzi zipatazo 230. Maiki ya mdomoni inasikia piano, maiki za piano zinasikia mdomo. Sisi mafundi twaita kuvuja.

Kwa hiyo ukipandisha maiki ya sauti, unapandisha pia piano iliyovujia humo, na hiyo huwa piano ya pembeni, siyo ile uliyoitegea. Na lipo baya kuliko hilo. Kwa joto letu sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde. Maiki ya piano ikiwa mita moja zaidi kutoka mdomoni kuliko maiki ya mwimbaji, sauti itaifikia ikiwa imechelewa milisekunde tatu hivi. Huwezi kusikia ucheleweshaji mdogo namna hiyo. Utakachosikia ni nakala mbili za sauti moja zikifutana hapa na kuongezana pale, hadi mwimbaji awe kama kajiinamia mtungini. Rekodi ya kijana ilikuwa mtungi mtupu.

Nikamtilia santuri ya Elton John, Mwingereza anayeimba akijipigia piano. Ilirekodiwa tarehe 17 Novemba 1970, studio ya A&R, New York, mbele ya wasikilizaji wachache, huku ikirushwa redioni papo kwa papo. Waingereza waliiita 17-11-70, Wamarekani wakaigeuza 11-17-70, maana wao mwezi ndio unaotangulia. Watu ni watatu tu: yeye, Dee Murray kwenye besi na Nigel Olsson kwenye ngoma. Gitaa hakuna, basi piano inabeba mzigo wote. Wimbo wa mwisho unapita dakika 18. (Maneno ya nyimbo zake nyingi ni ya Bernie Taupin, Elton hutia muziki. Kwetu si ajabu. Taarab yaweza kuwa na mshairi, mtia muziki na mwimbaji, kila mtu mbali.)

Nilimtaka kijana asikilize kitu kimoja: sauti na piano zinatoka pahala pamoja. Anapozigonga funguo kwa nguvu, sauti nayo inakuwa ya mtu anayegonga. Ukizitenganisha unabaki na nini?

Ndiyo maana kazi huishia kabla ya wimbo kuanza. Maiki ya mwimbaji natia ile inayosikia mbele na kuwa kiziwi nyuma, kisha mgongo wa maiki hiyo nauelekeza penye kifuniko cha piano kilichofunguliwa. Aimbe karibu, upana wa vidole vinne. Maiki za piano nazizamisha ndani, karibu na nyuzi, hata kama kwa hivyo mlio wa piano unapoteza uwazi kidogo. Bora hivyo kuliko mtungi.

Halafu hewa yetu. Masika ubao wa sauti, ule mpana ulio chini ya nyuzi, hunywa unyevu ukavimba, na toni ikapanda taratibu, siku hadi siku, katikati ya kibodi zaidi kuliko pembeni. Joto ndilo lenye haraka. Mwaka mmoja nilikubali piano itiwe toni asubuhi, kiyoyozi kikinguruma. Usiku watu walipojaa, madirisha yakafunguliwa. Nyuzi zikapata joto, zikalegea, na si zote kwa kiasi kimoja. Wimbo wa tatu nikaanza kuona haya nikiwa nyuma ya miksa. Tangu siku hiyo fundi wa toni anakuja alasiri, madirisha yakiwa kama yatakavyokuwa usiku, na onyesho linaanza baada ya Isha ili adhana isitukute katikati ya ubeti.

Wiki iliyofuata tulirekodi upya. Kwenye jaribio, katika wimbo wa taratibu, nikasikia dup, dup, chini kabisa. Nikadhani ni spika. Kumbe kijana kavaa makubadhi, kisigino kinapiga jukwaa la mbao kila akikanyaga pedali, na mtikisiko unapanda kwenye mguu wa maiki.

"Vua, mwanangu."

Akapiga pekupeku, nami nikakunja busati na kulitia chini ya mguu wa maiki. Safari hii hakuniomba nimpandishie kitu.