Kabla ya Kusoma Gegedu la Paka, Uliza Umri

Slaidi ya kiungo, yaani kipande chembamba cha gegedu (tishu ngumu kiasi inayofunika ncha za mifupa) cha kutazamwa kwa hadubini, ikinifikia bila umri wa paka kuandikwa, naiweka kando hadi niambiwe. Si ukorofi. Kilicho cha kawaida kabisa kwenye goti la paka wa wiki nane ni ugonjwa kwenye goti la paka wa miaka minane.

Kwa mtoto wa paka, ncha ya mfupa wa paja imefunikwa na gegedu nene, lakini sehemu ndogo tu ya juu ndiyo itakayobaki gegedu maisha yote. Iliyo chini inangoja kugeuka mfupa. Seli zake zimesongamana bila mpangilio, na ukipekua kwa subira utaikuta moja ikigawanyika. Zinapokaribia mfupa zinavimba na kujipanga safu, dutu inayozizunguka inashika chokaa, kisha mishipa ya damu inapenya na mfupa mpya unawekwa juu ya mabaki hayo. Ndivyo ncha ya mfupa inavyopanuka. Urefu ni kazi ya bamba la ukuaji, tabaka jingine la gegedu karibu na mwisho wa mfupa, na hilo ni somo jingine.

Wanafunzi hushtushwa zaidi na mishipa ya damu katikati ya gegedu, kwa sababu wamefundishwa kwamba gegedu halina damu. Kweli halina, la mnyama aliyekomaa. La mtoto ni nene mno kulishwa na ute wa kiungo peke yake, kwa hiyo huchimbwa mifereji midogo inayopitisha mishipa, nayo hutoweka kadiri mfupa unavyosonga mbele. Kwa nguruwe na farasi, damu ikikatika humo kabla ya wakati, kipande cha gegedu hufa na osteokondrosisi, ugonjwa wa gegedu kushindwa kugeuka mfupa ipasavyo, huanzia hapo. Kwa paka ni nadra.

Paka akishakomaa, gegedu hubaki jembamba, kwa kawaida chini ya milimita 1. Juu kuna seli bapa zilizolala sambamba na uso, pamoja na nyuzi za kolajeni, protini imara. Katikati seli ni za mviringo, zimetawanyika. Chini zinasimama safu fupi, na nyuzi nazo zimesimama. Mwaka 1925 mwanaanatomia Mjerumani Benninghoff alizieleza nyuzi hizo kuwa zinapanda kutoka chini na kupinda karibu na uso. Usitarajie safu ndefu za michoro ya vitabuni, ambayo mingi ni ya binadamu. Chini ya safu unapita mstari mwembamba wa samawati, mpaka wa gegedu lenye chokaa. Kwa mtoto ambaye bado anakua, mstari huo haujatulia.

Rangi ya safranini O ndiyo inayoponza wengi. Hushika protioglikani, molekuli zinazovuta maji na kulipa gegedu ukakamavu, hivyo penye nyingi huwa pekundu iliyokolea. Tabaka la juu lina chache hata kwa paka mwenye afya, na mtazamaji mwenye haraka akiona limepauka huandika “limeharibika”. Mimi hudai zaidi: weupe ulioshuka hadi tabaka la kati, uso uliochanika nyuzinyuzi, seli zilizorundikana kadhaa ndani ya kishimo kimoja, mstari wa chokaa uliojirudia mara mbili. Tena nahakikisha kipande kilikatwa wima. Mkato wa mshazari hunenepesha gegedu lolote, na safu za chini zikionekana kama seli zilizotawanyika tu, naomba kipande kingine.